Siku Tatu za Kartimeri

Wakati wa vita, Kindu ilipofungwa pande zote na chumvi ikawa kitu cha kuota, jirani yetu alikuwa akienda Kibombo kwa baiskeli kutafuta mchele na chumvi. Akirudi, alitandaza mkeka mbele ya mlango wake na kutaja kila kitu wazi: nimenunua kwa kiasi hiki, viraka vya mpira kiasi hiki, na hiki kidogo ni cha miguu yangu. Sokoni walikuwa wakiuza mara tatu yake. Mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa, na nilimpenda kwa ile chumvi kidogo aliyonitilia kiganjani nilambe. Safari moja alienda na hakurudi. Mkewe alimngojea, kisha akaacha kusema kwamba anamngojea.

Leo mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda karibu na barabara inayoteremka mtoni. Acha niseme ukweli wa kazi yetu. Mteja ukimtengenezea mashine mbele ya macho yake kwa dakika kumi, anakasirika ukimtajia bei. Anakuuliza, kwa kipi ulichofanya? Basi tukajifunza kuwangojesha siku tatu. Tunawaambia kartimeri imekufa, ule ubao mkubwa unaobeba mashine yote, maana jina lenyewe linatisha. Mashine inakaa kwenye rafu ikiwa nzima, mwenyewe anateseka, na siku ya tatu analipa huku akishukuru. Nilikuwa hodari wa mchezo huo, na sikuona haya.

Siku moja akaingia yule mama, mjane wa jirani yetu, amefunga kompyuta ya zamani mgongoni kwa kitenge. Ilikuwa haiwaki. Picha ya karatasi ya mumewe ililiwa na mchwa. Iliyobaki ilikuwa humo ndani tu.

“Mutoto yangu, iko mubaya sana?”

Mdomo wangu ulijibu wenyewe, kwa mazoea. “Iko mubaya, mama. Kartimeri imekufa. Urudi kisha siku tatu.”

“Na picha ya baba yako?” aliuliza, akimaanisha mumewe.

“Tutaona.”

Alipotoka nilifungua mashine. Vumbi limejaa, waya mmoja umelegea. Nikaurudisha mahali pake, ikawaka, na vitu vyake vyote vilikuwa salama. Yeye hakuwa amefika hata kwenye kona. Ningeweza kumkimbilia. Niliiweka mashine rafuni.

Kesho yake alikuja, si kwa kuuliza, kwa kukaa tu. Aliketi kwenye benchi langu tangu asubuhi, akaniletea wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye bakuli lenye kifuniko. “Kula, kazi ya kartimeri iko nguvu.” Nilikula, mpumbavu mimi, na kilikuwa kitamu. Siku ya pili vilevile, na samaki wa Lokandu juu yake. Kila nilipomeza niliitazama ile rafu.

Siku ya tatu sikuligusa bakuli. Nilishusha mashine, nikaiweka mapajani mwake, nikamwambia yote: waya, dakika kumi, kwamba ni nzima tangu siku ile ya kwanza. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

“Dakika kumi njo bei gani?” aliuliza.

Nilisema sitaki kitu. Akakataa, akanibana mpaka nikataja bei ya kweli, ndogo hata kuitamka ni aibu, akailipa yote. Kisha akawasha mashine, akaifungua picha ya mumewe.

“Hizi siku tatu,” alisema, “nilijua picha imepotea. Nikasema basi, nitamuweka ku kichwa. Jana mangaribi nikamutafuta. Macho nikapata. Mudomo nikapata. Nilipofika ku pua, macho ikapotea. Nikalia sana, mutoto yangu. Nikaona njo siku amekufa.”

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananieleza tu, jinsi mama anavyomweleza mwanawe. Hilo ndilo lililonivunja. Nililia pale pale, wateja wawili wakiwa mlangoni, na sikujali.

Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

“Ikala, umuangalie na weye,” alisema. “Tukimukumbuka wawili, hatapotea tena.”