Majani Yaliyokataa Kugeuka Rangi

Chepkurui alizaliwa Sigowet, akajua kuchuma chai kabla ya kujua kusoma, na kufikia mwaka 1999 alikuwa fundi wa maabara mjini Kericho. Kazi yake ilikuwa kutafuta mti wa chai wenye kimeng'enya chenye nguvu zaidi, kile kinachoyafanya majani mabichi yawe mekundu kiwandani. Alitumia kipande cha kioo kutoka ng'ambo, kidogo kama kiberiti, chenye mifereji myembamba kama unywele. Matone ya maji ya majani yalipitishwa humo. Yakigeuka rangi upesi, mti huo ulikuwa wa maana.

Mti aliouamini kuliko yote ulikuwa Kapkatet, shambani kwa mama mmoja mjane, Yunia. Lakini siku ya kipimo cha mwisho matone yake yalibaki kijani.

"Mtoto wako amelala darasani," Omosa, mwenzake wa maabara, alimtania. "Jumatatu anang'olewa."

Kung'oa hakukuwa mzaha. Miti iliyoshindwa iliondolewa kupisha mingine, na huu Chepkurui alikuwa ameulea miaka sita. Akachukua thamosi ambamo Yunia alikuwa ametuma majani, ili aioshe. Alipoifungua, ikamjia harufu ya mboga iliyochemshwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa Kapkatet.

"Mama, ile barafu niliyokuachia ilienda wapi?"

"Iliyeyuka, nikamwaga. Sasa ningekutumia majani kwa chupa chafu? Nikaisuuza na maji moto kabisa, nikaacha kidogo chini ndiyo yasinyauke."

"Mama! Uliyapika!"

"Ai! Na mimi nilikuwa nakuheshimu!" Yunia akajifunika mdomo, kisha kicheko kikamshinda.

Chepkurui naye alicheka hadi machozi. Joto lilikuwa limekiua kimeng'enya. Mti haukuwa na kosa lolote. Akachuma mwenyewe, majani mawili na chipukizi, akayafunika kwa barafu mpya. Yunia alisimama kando, mikono nyuma.

"Sigusi kitu. Nisije nikakuwekea na chumvi."

Alasiri, matone yaliingia katika mifereji. Yakawa manjano, kisha mekundu, wakati ya miti mingine bado yalikuwa kijani. Omosa aliinama, akatazama, akatazama tena.

"Huyu haendi popote," akasema. "Nitawaambia vijana wa majembe mwenyewe."

Chepkurui alishukuru, akaenda moja kwa moja kantini, akaagiza sahani mbili za githeri. Tangu jana chakula kilikuwa hakishuki.