Samahani na Ndoo Zake

Mdogo wangu ni fundi cherehani, mpole kiasi kwamba nzi akitua kwenye chai yake, yeye humsubiri ashibe. Amepanga baraza moja na muuza ndoo na mabeseni tunayemwita Samahani, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Mdogo wangu hakati kitambaa mezani. Hukitandaza sakafuni, pale mlangoni penye mwanga. Ukimnyang'anya sakafu umemnyang'anya kazi.

Ilianza ndoo moja. Samahani shoga, naiegesha tu hapa. Kesho yake ndoo ikapata mwenzake. Mimi nasema zilikuwa zinazaana, kwani niliona kwa macho yangu beseni kubwa limefunika vibeseni kama kuku na vifaranga. Mdogo wangu akasogea. Nikamgombeza, nikamuuliza akifika barabarani atasogea wapi. Akasema, atagombana vipi na mtu anayeomba radhi kabla hajakosa?

Tena Samahani akawa anawahi asubuhi na kufagia baraza lote, mpaka upande usio wake. Mdogo wangu akashukuru kupata jirani mwema. Hapo ndipo alipojimaliza, maana mwenye nyumba wetu hajui mipaka ya chaki wala ya kamba. Kwake, sehemu ni ya anayeifagia. Cherehani ilipobaki nusu iko ngazini, tukamwita. Akatazama ndoo, akatazama cherehani.

"Hapa mlangoni anafagia nani?"

Mdogo wangu, uongo haujui hata wa kuazima, akasema, "Jirani."

"Basi ni pake, mama. Wewe una ngazi."

Nilitamani kummeza yule mzee pamoja na kofia yake.

Tangu hapo mdogo wangu naye anaamka na ufagio, lakini kila akifika anakuta pamefagiwa. Samahani siku hizi analala humo humo katikati ya ndoo. Basi mdogo wangu anafagia tena kwa hasira. Saruji imekwisha, wako kwenye udongo, wakiendelea watatokea upande wa pili wa dunia. Mlango haujarudi.

Vitambaa sasa anakatia kitandani kwangu. Alianza na kola tu. Jana kaja na sare za kwaya nzima, akasimama na mkasi wake, mpole vilevile.

"Samahani dada, sogea kidogo."

Nikasogea. Nimebaki na ukingo, mguu mmoja uko chini. Lakini leo ufagio wa chumba hiki nalala nao.