Nukta Katikati ya Maneno

Baba alipopata kiharusi nilimtoa Bungoma nikamleta kwangu Kitale, kwa sababu mama alishatutoka na mimi ndiye kifungua mimba. Mkono wa kulia ulikuwa umelala na mdomo hautoi neno. Mtaalamu wa kufundisha watu kuongea upya, pale hospitalini, aliniambia nichukue maneno aliyoyazoea, niyakate vipande vidogo vidogo, tufanye mazoezi kila asubuhi. Nilifurahi, jamani. Si hiyo kazi niliijua tangu nikiwa na meno ya utoto?

Baba alifundisha Kiingereza shule ya msingi huko Tongaren miaka mingi. Nyumbani kulikuwa na kamusi moja nene, jalada limeshikwa na selotepu, na kila neno refu lina nukta ndogo katikati kuonyesha silabi zinapokatika. Kabla ugali haujapakuliwa alitaja neno, nawe unaligawa kwa kugonga meza. Um-brel-la: mara tatu. Halafu unatoa maana kama kamusi inavyosema, si kwa maneno yako. Ukikosea, unasubiri wenzako wale kwanza. Na Kibukusu, lugha yetu ya mama, kilikuwa marufuku ndani ya nyumba ile. Ukiponyokwa na neno moja tu, masufuria yote ya jioni ni yako. Alikuwa mkali, bana, lakini alitaka tufike mahali, na kusema kweli tulifika. Kibukusu changu kiliishia kwenye salamu na matusi mawili matatu.

Basi nikaifungua kamusi ile ile mbele yake. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi ukaisha. Nagonga meza, "wa-ter, wa-ter," na glasi iko hapo. Nikamsomea hadi maana yake, ati ni kioevu kisicho na rangi wala harufu, na mtu mwenyewe ana kiu. Alinitazama tu. Siku moja nilipandwa na hasira nikamuuliza kama ananifanyia makusudi, na chozi likamtoka jicho moja. Nilienda jikoni nikalia mpaka chai ikachemka ikamwagikia jiko. Sikujua nifanye nini tena. Nikarudi nikafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi moja dada yake akaja kutoka Bungoma na kuku na unga wa wimbi. Shangazi hakusoma sana. Aliketi kitandani, akaushika ule mkono uliolala, akaanza kumpa habari za nyumbani kwa Kibukusu. Majina ya watu niliyatambua, mengine yakanipita. Nilisimama mlangoni na kamusi yangu, nikingoja amalize ili tuanze kipindi.

Baba akamjibu.

Polepole, mdomo ukienda upande, lakini maneno yalitoka mazima, moja, mawili, kisha mengi. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia, maana sikuelewa alichosema. Halafu akaninyooshea kidole cha mkono mzima, akasema kitu kirefu zaidi, kichwa ameinamisha. Nikamgeukia shangazi.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Anasema wewe ndiye mwenye nyumba," akaniambia. "Anakuomba ruhusa aongee hivi."

Nilimwangalia baba, naye amenikazia macho akingoja. Yule mtu aliyekuwa akitutetemesha kwa neno moja alikuwa ananiogopa mimi. Nilitaka kumwambia aongee, aongee kutwa nzima, asiniombe kitu. Na nilitaka kumwambia mwenyewe, kwa lugha iliyombakia. Nikafungua mdomo. Sikuwa na neno hata moja la kumpa. Ikabidi shangazi amjibu kwa niaba yangu, na alichomwambia mimi sikukijua.