Orodha ya Hitima na Kazi Isiyo ya Kugawana

Nikiri mapema kwamba aibu niliyoipata uani kwetu Bagamoyo niliitafuta mwenyewe, tena bure, maana ile programu haikuwa na bei.

Mimi ni msahaulifu (hutumwa chumvi nikarudi na kiberiti), basi hitima ya mwaka ya mama ilipobakiza miezi miwili nikatafuta programu ya simu ya kuorodhesha mambo ya kufanya, nikataka zile huria, ambazo waliozitengeneza wameziacha wazi kila mtu azione ndani na azitumie, hazina matangazo. Ya kwanza ilitaka niwe na kompyuta yangu ya kuhifadhia hiyo orodha, nikaifuta. Ya pili ilijaa vishale hata sikujua pa kuandikia. Ya tatu, jamani, ukurasa mweupe, alama ya kujumlisha na kijisanduku cha kuweka tiki, yote kwa Kiswahili. Ikaniuliza kama nataka orodha ya pili, nikasema ya nini, kichwa chenyewe kimoja, nikaandika humo humo mchele, nazi, majamvi na mambo yangu mengine.

Siku moja kabla ya hitima wanawake walijaa uani wakimenya vitunguu saumu, na kwetu orodha ya shughuli husomwa kwa sauti, kila mtu akadaka kazi yake. Mikono yangu ilikuwa na tui, nikampa simu jirani yangu Mwajuma, ambaye sauti yake haihitaji kipaza.

"Majamvi kumi."

"Yangu hayo."

"Kurudisha sufuria ya Mama Rehema, mwezi wa tatu huu."

"Kumbe iko kwako," akasema Mama Rehema. Watu wakacheka, nami nikacheka nao huku nikijifuta mikono haraka niifuate simu, lakini Mwajuma akishaanza kusoma hasimami.

"Kumwomba radhi Dada Zuhura kwa nilivyomwambia siku ya maziko. Imeahirishwa mara arobaini na moja." (Kumbe inahesabu. Nani aliiomba?)

Dada Zuhura, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Msata, amekaa pale pale na kisu chake. Siku ya maziko ya mama nilimwambia mbele za watu kwamba kuzika amekuja, kuuguza hakuja, na kumbe miezi ile yote alikuwa akimuuguza mumewe. Tangu hapo ni salamu tu.

Sijapata pa kuficha uso, jirani mwingine, Bi Tatu, kwa mazoea ya shughuli, akadaka, "Hiyo niandikieni mimi."

"Hiyo msimpe mtu," akasema Dada Zuhura, macho kwenye kitunguu. "Ina mwenyewe."

Nikaenda nikapiga magoti na mikono yangu ya tui, maneno niliyoyapanga mwaka mzima yote yakapotea. "Dada, nimekukosea. Niwie radhi." Nikalia mbele ya watu wazima wote wale. Akaniacha nilie kwanza.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Nilikuwa nakungoja uje."

Kisha akaomba simu, akauliza tiki inawekwaje, akabonyeza kwa kidole kinachonuka kitunguu saumu. "Haya, sasa karudishe sufuria ya watu."

Programu ninayo mpaka leo, na ina orodha tatu. Lakini jambo la radhi sitaliandika tena popote: nikimkosea mtu navaa kandambili nikabishe hodi, kabla sijasahau.