Walikuwa Wanamcheka Nani?

Karakana nzima ilimwita Vifungo, maana kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati ya shule, na hakuna aliyemfikia kwa kasi. Jumatatu moja aliingia akamkuta mzee mkata vitambaa na dada mpiga pasi wanacheka hadi machozi. Walipomwona, wakanyamaza kimya.

Wamenyamaza kwa nini? Akajitazama. Sketi ilimbana kidogo kiunoni. Basi ni hilo, wanasema amenenepa. Hakuuliza, nani huuliza jambo alilokwisha kujijibu?

Mchana wakatandika gazeti mezani, wakaweka mkate na mayai.

"Vifungo, njoo, chai inapoa!"

"Nimeshiba, dada."

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Siku zikaenda, miezi ikapita. Nyumbani alimwambia shangazi yake amekula kazini. Kazini alisema amekula kwa shangazi. Mpiga pasi akimsifu, "Umependeza, umepungua," yeye husikia: kumbe kweli nilikuwa kituko. Mzee akiuliza, "Mbona umekonda hivyo, mwanangu?" yeye husikia: ananikagua. Hatimaye wakaacha kumwita mezani. Haya, si alijua? Wamemtenga.

Asubuhi moja shati likaanza kuelea mbele ya macho yake. Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mpiga pasi, na mzee anampepea kwa kipande cha boksi.

"Mlikuwa mnanicheka," alisema hata kabla ya kuomba maji.

"Lini?"

"Ile Jumatatu. Niliingia mkanyamaza."

Wakatazamana. "Labda siku bosi alipochanika suruali," mzee akasema. "Tulidhani ni yeye anaingia."

"Hapana, hiyo ilikuwa Alhamisi," mpiga pasi akabisha.

"Na mezani mkaacha kuniita."

"Mdogo wangu, umekataa mara ngapi? Tulidhani unaturingia!"

Vifungo akajiinua, akaketi. Kama hawakumcheka, miezi yote hii alikuwa akimkimbia nani? Na kama wanamficha?

Shangazi akampeleka zahanati bila mjadala. Muuguzi alimsikiliza yote, hakumwita mjinga. Alimwambia kujinyima chakula hivyo ni ugonjwa, na unatibika. Kwamba anayeogopa kukataliwa husikia hukumu hata palipo kimya. Aje kila Jumanne, ale kidogokidogo shangazi akiwa kando yake, na akihisi amesemwa, aulize.

Kuuliza! Heri angeambiwa apande ukuta.

Wiki ya tatu alirudi mezani. Alipoumega mkate, mzee akamtazama, akatabasamu. Anafurahi? Anahesabu matonge?

"Mzee, unatabasamu nini?"

"Mimi? Nimetabasamu?" Mzee akajishika mdomo, naye kachanganyikiwa.

Mpiga pasi akaangua kicheko. Vifungo hakujua kama anachekwa yeye au mzee. Akatafuna, akameza, akamwangalia mmoja baada ya mwingine, bado hajui.