Sarafu Iliyogeuka Kahawia kwenye Droo ya Mjomba

Mjomba wangu hupanga madaraja ya sarafu za zamani za shaba, na kwenye kazi hiyo rangi ndiyo bosi. Iliyobaki na wekundu wake wa kiwandani hupata daraja la juu. Ikigeuka kahawia, hata bila mkwaruzo, inashuka daraja na bei.

Jana asubuhi alitoa kwenye droo sarafu ya mama mmoja mjane, kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe. Aliipokea ikiwa nyekundu. Sasa aliiona kahawia. Akafuta miwani, akaisogeza dirishani, bado kahawia. Akaogopa macho yamemwishia, maana mpanga madaraja asiye na macho amebaki na miwani tu.

"Mama watoto," akaita kwa sauti ndogo, "hebu niambie, hii rangi gani?"

"Kahawia. Kwani wewe unaona kijani?"

Mjomba akashusha pumzi, akacheka. Macho mazima. Halafu kicheko kikamkatikia njiani. Kama macho ni mazima, basi sarafu ndiyo iliyogeuka, tena ndani ya droo yake, juu ya mipira ya kufungia noti. Mipira ile huharibu shaba, na yeye ndiye hutuhubiria hivyo kila siku.

"Isugue na limau, mjomba, itang'aa," nikamshauri.

"Nyamaza wewe. Ikisuguliwa haipati daraja kabisa."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mjane mwenyewe, mkoba kwapani, anatabasamu. Mjomba akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, dada yangu. Sarafu yako imeharibikia mikononi mwangu."