Kiingereza cha Kuombea Nafasi

Juzi nilikuwa mapokezi ya kiwanda kimoja huko Zegereni, nikisubiri mabati yangu yapakiwe. Pembeni yangu alikaa binti wa chuo kikuu, amekuja kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Midomo ilimcheza, alikuwa anakariri Kiingereza.

Ofisa wa makamo akatoka. "Karibu. Umetokea wapi?"

Binti akasimama wima, akamwaga Kiingereza chote: yeye ni mchapakazi na anapenda changamoto.

"Sawa, ila nimeuliza umetokea wapi."

"Kisarawe, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine ya kukata bati ikizima ghafla, utaanza kuangalia nini?"

Hapo akaeleza kwa Kiswahili, umeme, mkanda, mota, mikono ikifungua na kufunga nati hewani, hadi mlinzi akasogea kusikiliza.

Ofisa akampa nafasi palepale, akaanza kuandika barua ya kumkubali ya kupeleka chuoni, ambayo lazima iwe ya Kiingereza. Kalamu ikasimama.

"Hivi, kwenye 'receive' inatangulia 'e' au 'i'?"

"'E', baba," binti akajibu taratibu.

Nami ninayekula kwa kalamu nilikuwa nimeshaliandika neno hilo gotini kwa kidole, mara mbili, na nilikuwa nimekosea zote.